Omba mkopo, mdogo wangu

Mdogo wangu wa Kibosho, umeuliza kama uombe mkopo wa Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu au uache, kwa kuwa mama anaogopa deni na mjomba ameahidi ada. Omba. Kuomba hakukufungi. Ahadi ya mjomba naiheshimu, lakini chuo ni miaka mitatu, na bado kuna chakula, malazi na vitabu.

Hofu ya mama ina msingi: ukiajiriwa utakatwa asilimia 15 ya mshahara wa msingi kila mwezi. Mweleze bila kumficha.

Kinachokwamisha wengi ni karatasi. Cheti chako cha kuzaliwa na cha kifo cha baba vihakikiwe RITA, wakala wa serikali wa kusajili vizazi na vifo, mapema, wiki hii ikiwezekana. Nimeona vijana wakilia dirisha la maombi likifungwa, na vyeti bado havijarudi.