Maswali ya Wasomaji: Shimo la Moto la Darvaza

Asalaam aleikum wahariri. Vijana hapa Ngamiani wanaonyeshana picha za shimo linalowaka moto jangwani, huko Turkmenistan. Je, mtu wa kawaida anaweza kufika? Na ni kweli linazimika?
*Msomaji, Ngamiani, Tanga*

Waaleikum salaam, ndugu yetu. Kufika inawezekana, ila anayetaka kwenda asikawie, maana moto umepungua sana. Mwaka 2025 shirika la gesi la nchi hiyo lilitangaza kwamba umeshuka mara tatu kuliko zamani. Picha nyingi zinazozunguka ni za miaka iliyopita, shimo lilipokuwa likiwaka ukingo hadi ukingo.

Shimo liko katika jangwa la Karakum, kama kilomita 260 kaskazini ya mji mkuu, Ashgabat. Upana wake ni mita 60 hadi 70, na kina chake kama mita 30. Kutoka Dar es Salaam unaweza kupitia Istanbul hadi Ashgabat. Anza na wakala wa safari wa kule kule, kwa sababu kwa miaka mingi mtalii ametakiwa kuwa na barua ya mwaliko kabla ya visa, na mwenyeji wa kumwongoza. Usinunue tiketi kabla ya kuthibitisha masharti ya sasa. Barabara kuu ni mbovu, na kipande cha mwisho ni mchanga mtupu, kwa hiyo hakikisha gari ni la kuvuta magurudumu yote manne.

Nenda Aprili, Mei, Septemba au Oktoba. Kiangazi joto hupita nyuzi 40. Baridi ikiingia, usiku hushuka chini ya sifuri, na mtu wa pwani atateseka. Fika kabla ya jua kuzama ili uione ardhi vizuri, kisha ubaki usiku, ndipo moto unapopendeza.

Ukikaribia, upepo uwe mgongoni mwako. Ukisimama upande upepo unakoelekea, joto na moshi vitakupiga usoni, na upepo wa jangwani hugeuka ghafla. Usivuke uzio hata kwa picha moja. Udongo wa ukingoni umekauka na kumeguka kwa chini, kwa hiyo panapoonekana imara huenda pana uwazi tu.

Kwa nini wasimwage maji au kulifukia?
*Msomaji, Bagamoyo*

Maji yangeupoza moto lakini yasingeizuia gesi. Inapanda kutoka kwenye miamba kupitia nyufa nyingi, na mwali ukizimika gesi hiyo, iitwayo methani, itaendelea kutoka bila kuungua. Ikichanganyika na hewa kwa kiasi cha asilimia 5 hadi 15, cheche moja inatosha kuilipua. Isipolipuka, inapanda angani, na kwa kuongeza joto la dunia methani ni mbaya kuliko hewa ya ukaa inayotokana na kuungua kwake. Mchanga nao gesi huupita, au hutafuta ufa mwingine pembeni.

Mwaka 1966, huko Urta-Bulak, Uzbekistan, Wasovieti walizima kisima cha gesi kilichowaka karibu miaka mitatu kwa kulipua bomu la nyuklia chini ya ardhi, mwamba ukakiminya kisima kikafunga. Pale palikuwa na kisima kimoja. Darvaza gesi inatoka kila upande, hakuna bomba la kuminya. Njia ya busara ndiyo iliyotumika: kuchimba visima kando, kuivuta gesi huko, na kupunguza mgandamizo unaoisukuma juu.

Kuhusu chanzo, inasimuliwa sana kwamba ardhi ilibomoka chini ya mtambo wa Wasovieti mwaka 1971, nao wakaiwasha gesi wakidhani itakwisha upesi. Lakini wanajiolojia wa Turkmenistan wamesema shimo lilibomoka miaka ya 1960 na kuwashwa miaka ya 1980. Tarehe ya 1971 isichukuliwe kuwa ya hakika.

Chemchemi za Amboni zinanuka kama yai viza. Je, ni dalili ya gesi inayoweza kuwaka hivyo?
*Msomaji, Kiomoni, Tanga*

Harufu hiyo ni ya haidrojeni salfaidi, gesi yenye sumu, na peke yake haithibitishi kwamba chini pana akiba ya methani. Gesi asilia yetu ya Songo Songo, iliyogunduliwa 1974, na ya Mnazi Bay, 1982, hupandishwa kwa mabomba ya chuma yaliyozungushiwa saruji, na haiachwi ijitafutie njia.

Ila haidrojeni salfaidi ni ya kuogopwa. Ikiwa kidogo pua huinusa upesi. Ikizidi huifisha pua, ukadhani hewa imesafika. Ni nzito kuliko hewa, hivyo hutuama mabondeni na mashimoni. Mpelelezi wa Kanada, George Kourounis, aliposhuka ndani ya Darvaza mwaka 2013 alivaa nguo ya kuakisi joto na kupumua hewa ya mtungi. Mtu akizirai ndani ya shimo lenye harufu hiyo, usimfuate ukiwa umeziba pua kwa kitambaa. Kaa upande unakotoka upepo, ita zimamoto, na kama amefungwa kamba mvute kutoka juu.