Mtoto ana mtindio wa ubongo na kifafa: kabla ya kamati, tafuta daftari

Dada wa Nachingwea, swali lako nimelisoma mara mbili. Mtoto ana miaka 4, ana mtindio wa ubongo na kifafa, zahanati wanasema hivi, hospitali vile, bibi yake ana lake, na wewe umegeuka tarishi wa kupeleka maneno ya kila mtu. Unauliza uwaunganishe vipi, na shule itakuwaje. Mimi niko Newala, wangu wa kike ana miaka 9, hali hiyohiyo. Nakupa tulivyofanya huku, linalokufaa chukua.

Wengi watakwambia uunde kamati. Tuliunda. Mtendaji, mwenyekiti wa kitongoji, mwalimu, mhudumu wa afya, jumla watu 11. Ikakaa mara mbili, ya tatu mtu akauliza posho, ikafia hapo.

Kilichonifumbua macho ni msimu wa korosho. Wa huku mnaelewa, ikifika Oktoba watu wanahamia shambani na ratiba ya nyumbani inavurugika. Mwaka ule mimi nilikuwa naokota, baba yake anashinda ghalani kwenye chama cha msingi, mtoto yuko na bibi. Mimi najua baba kafuata dawa, baba anajua nimefuata mimi. Fenobabitoni, dawa yake ya kifafa, ikaisha. Siku ya kwanza kimya, ya pili kimya, bibi akasema huyu kapona, si mwezi mzima hajaanguka? Siku ya tatu jioni ikamshika, haikuachia. Nafika mbio nakuta jirani anamlazimishia kijiko mdomoni na mwingine anamnusisha kitunguu. Tukapanda bodaboda, nimembana kati yangu na dereva, kanga imelowa mate. Alipona, ila kukaa mwenyewe alikokupigania mwaka mzima kukapotea kwa miezi.

Daktari hakunigombeza. Alisema dawa za kifafa hazikatwi ghafla hata kama mtoto hajaanguka siku nyingi, ukizikata ndipo anaweza kuanguka mfululizo. Akianguka, mlaze ubavu, ondoa vya kumuumiza, usimtie chochote mdomoni, tazama saa. Ikizidi dakika 5, ni hospitali, usisubiri.

Nikanunua kaunta buku, nikalivika nailoni. Ukurasa wa kwanza dawa: jina, miligramu, saa, na tarehe itakayoisha; tarehe ya wiki moja kabla nimeizungushia wino mwekundu. Ukurasa wa pili siku alizoanguka na dakika. Kila anayemgusa mtoto, awe nesi au mtu wa mazoezi, namwomba aandike humo. Daktari wa pili akitaka kubadilisha dozi, anaona wa kwanza aliandika nini. Kabla ya hapo mimi ndiye nilikuwa nasimulia kwa kichwa, na kichwa cha mtu asiyelala usiku unakijua.

Bibi hajui kusoma. Tukampa kopo la maziwa: mtoto akianguka, atie korosho moja. Jioni nahesabu, naandika. Kuna siku ya kliniki nilienda na kopo lenyewe. Daktari alicheka, kisha akazimwaga mezani, zikawa 11 kwa mwezi, akaacha kucheka, akapandisha dozi.

Halafu mjomba. Kwetu Wamakonde mjomba ana neno lake, na huyu alikuwa ameshatafuta mganga. Sikubishana naye. Nilimwomba anisindikize kliniki, akasikia mwenyewe, tangu hapo yeye ndiye anayepiga simu kuuliza "dawa ipo?" Kwa hiyo usimfiche mtu mzito wa ukoo, mpe kazi.

Badala ya ile kamati tuko mama 3 tu. Mwenzangu mmoja mwanawe ana selimundu (siko seli), wa tatu mtoto alizaliwa na mguu kifundo. Kila mmoja kajifunza mtoto wa mwenzie. Yule wa selimundu akipata homa hatungoji asubuhi hata mama yake akiwa shamba la mbali, maana kwake homa ni ya kukimbilia hospitali. Na wangu, wenzangu wanajua kumlisha: ameketishwa, kichwa kimeinama mbele kidogo, uji mzito kijiko kidogo, kamwe si amelala chali, atapaliwa. Kiti chake cha kona, cha kumshikilia akae, kilitengenezwa na fundi seremala wa hapa kwa mbao za mwembe, kwa kumwonyesha picha kwenye simu. Bima ya CHF (mfuko wa afya ya jamii) tulikuwa tunalipa 30,000 kwa kaya ya watu 6, na tuliilipa siku ileile pesa ya mnada wa korosho inapoingia. Ukisubiri wiki, imeshakwenda kwenye bati.

La shule uliloweka mwishoni, sina jibu zuri. Mwalimu kakubali aje siku mbili kwa wiki, dawa tunampa asubuhi na usiku ili pale shuleni asipewe kitu. Shida ni choo: hakina pa kushika, na binti anakua, dada yake wa darasa la tano ndiye anatoka darasani kumpeleka. Aliyefanikiwa hapo anieleze na mimi.