Pima kufanana kwa wimbo wako kabla hujauachia

Nyimbo mbili kufanana si ajabu, wala si kosa. Muziki tunaousikia kila siku umejengwa kwa vitu vichache: noti 12 za oktava, ambazo wimbo mwingi hutumia 7 au hata 5 tu, mapigo manne kwa kila kipimo (yaani "bar"), kordi (noti kadhaa zinazopigwa pamoja) tatu au nne zinazozunguka tangu mwanzo hadi mwisho. Mwaka 2020 mwanasheria Damien Riehl na mwandishi wa programu Noah Rubin waliiagiza kompyuta itoe kila melodi ya noti 12 inayowezekana kwa noti 8 za oktava moja. Zilipatikana zaidi ya bilioni 68. Idadi hiyo inaonekana kubwa, mpaka ukumbuke kwamba sehemu kubwa yake haiimbiki. Sauti ya mtu hupenda kupanda na kushuka kwa hatua fupi, hupenda kurudia, na hupenda kutua kwenye do, noti ya nyumbani ya wimbo. Ukiondoa zisizoimbika, uwanja unakuwa mdogo, na watunzi wawili wasiojuana hukutana humo bila yeyote kumwibia mwenzake.

Kwa hiyo swali lenye maana ni tabaka gani la wimbo limefanana, na matabaka mangapi yamegongana mahali pamoja. Kordi peke yake ni tabaka moja. Kordi, melodi, mdundo wa silabi na nafasi ya kipande ndani ya kiitikio vikilingana kwa mpigo mmoja, hapo una kazi ya kufanya.

Kordi zisikunyime usingizi. "Thinking Out Loud" ya Ed Sheeran (2014) ilifikishwa mahakamani kwa kufananishwa na "Let's Get It On" ya Marvin Gaye (1973): mzunguko wa kordi nne, na namna baadhi ya kordi zinavyoingia mapema kidogo kabla ya pigo. Mei 2023 jopo la raia jijini New York lilimpa Sheeran ushindi. Novemba 2024, katika kesi nyingine juu ya nyimbo hizohizo, mahakama ya rufaa nayo ilikataa kumpa mtu mmoja umiliki wa mchanganyiko huo. Kadhalika "Stairway to Heaven": mstari unaoshuka nusu toni kwa nusu toni umetumika kwa karne kadhaa, na Led Zeppelin walishinda mwaka 2016, wakashinda tena kwenye rufaa mwaka 2020. Biti nayo iko hivyohivyo. Kiki (ngoma nzito ya chini) kwenye kila pigo, snea (ngoma yenye mlio mkali) kwenye la pili na la nne, hivyo ni vya watu wote.

Mtindo ndio wenye utata. Mwaka 2015 jopo liliamua kwamba "Blurred Lines" ya Robin Thicke na Pharrell Williams (2013) imechukua kutoka "Got to Give It Up" ya Marvin Gaye (1977). Fidia iliishia kwenye dola milioni 5.3 hivi, pamoja na nusu ya mrabaha wa baadaye, na mwaka 2018 rufaa ikashindwa. Mmoja wa majaji watatu, Jacqueline Nguyen, alipinga hukumu hiyo akisema nyimbo hizo zinatofautiana kwa melodi, harmonia na mdundo. Tunaona alikuwa sahihi, na tunaona hukumu hiyo imewatia watunzi hofu mahali pasipostahili. Hata hivyo ina funzo la kazi. Thicke alikuwa ameeleza kwenye mahojiano kwamba walitaka kutengeneza kitu chenye hisia ya wimbo ule wa Gaye, na maneno hayo yakarudi kumsumbua mahakamani. Usiingie studio na wimbo mmoja wa kuigwa. Chukua mitatu au minne, kila mmoja kwa jambo lake: huu kwa sauti ya besi, ule kwa kasi, mwingine kwa mpangilio wa sehemu. Halafu izime yote kabla hujaanza kutafuta melodi. Prodyuza anayeacha wimbo wa mfano ukizunguka nyuma huku mwimbaji akijaribu sauti anatengeneza nakala, hata kama hakuna aliyekusudia.

Melodi ndiyo ya kuchungwa kuliko vyote. Kesi ya George Harrison inaonyesha vizuri namna matabaka yanavyopandana. "My Sweet Lord" (1970) ililinganishwa na "He's So Fine" iliyoimbwa na The Chiffons mwaka 1963. Kipande cha kwanza ni sol-mi-re. Hakuna anayeweza kujimilikisha noti tatu hizo. Kipande cha pili ni sol-la-do-la-do, nacho ni cha kawaida. Lakini wimbo wa zamani ulirudia kipande cha kwanza mara nne, kisha cha pili mara nne, na kwenye mara ya pili ya kipande cha pili ukapenyeza kidoido kimoja cha noti. Wimbo wa Harrison ulirudia cha kwanza mara nne, cha pili mara tatu, ukamalizia kwa kipande kingine chenye urefu unaokaribiana, na kidoido kilekile kikatokea palepale kwenye mara ya pili. Mwaka 1976 jaji alisema Harrison hakukusudia, ila wimbo ulikuwa umekaa kwenye kumbukumbu yake bila yeye kujua, na hilo halikumwokoa. Angalia kilichomponza: mpangilio wa marudio pamoja na kile kidoido. Noti zenyewe zilikuwa za kila mtu.

Sasa namna ya kupima. Andika melodi zote mbili kwa do-re-mi, si kwa majina ya noti, ili tofauti ya ufunguo ipotee. Kama wimbo wako uko kwenye ufunguo wa C na mwingine kwenye ufunguo wa F, ukiandika kwa majina ya noti utaona tofauti ambayo sikio halisikii. Kisha gawanya kila kipimo katika visanduku 16, vinne kwa kila pigo, na weka kila silabi kwenye kisanduku inapoangukia. Panga mstari wa wimbo wako juu na wa mwenzako chini. Vipimo vinne vya kiitikio vinatosha kuanzia.

Ukitazama mistari hiyo, usihesabu tu noti zilizofanana. Noti ikiwa sawa lakini imeanguka kwenye kisanduku tofauti, uzito wake ni mdogo. Zenye uzito ni zile zinazoanguka kwenye pigo la kwanza na la tatu, noti ya juu kuliko zote, noti ambapo kipande kinatua, na mahali pumzi inapokatwa. Hizo nne zikilingana, msikilizaji atasema ni wimbo uleule hata kama noti ndogo za katikati umezibadilisha zote. Zikitofautiana, unaweza kuwa na noti sita mfululizo zinazolingana na bado ukawa salama. "Dark Horse" ya Katy Perry (2013) ilipelekwa mahakamani kwa ajili ya mfululizo wa noti nane fupi, zenye urefu sawa, unaorudiwa na sinthesaiza. Sita za kwanza zinalingana na za wimbo uliotangulia. Mwaka 2019 jopo lilimwona ana makosa, mwaka 2020 jaji akaitengua hukumu, na mwaka 2022 mahakama ya rufaa ikasema noti rahisi kiasi hicho ni matofali ya muziki, haziwi mali ya mtu. Kumbuka lakini kwamba kabla ya kufika hapo kulikuwa na miaka ya kulipa mawakili.

Baada ya karatasi, tumia masikio ya watu. Piga melodi peke yake kwa kinanda, bila maneno, bila biti, uwasikilizishe watu watatu hadi watano, mmoja mmoja. Usiwaulize kama unafanana na wimbo fulani, maana ukishautaja wataanza kuusikia. Uliza tu: hii inakukumbusha nini? Wawili wakitaja wimbo mmoja, rudi kwenye karatasi. Vilevile iimbie simu yako: tangu mwaka 2020 Google ina huduma ya kutafuta wimbo kwa kuuimba midomo imefungwa, na inakamata melodi hata ukiimba vibaya. Programu kama Shazam haifai kwa kazi hii, kwa sababu inatambua rekodi yenyewe na si utunzi. Ikinyamaza haina maana kwamba uko salama.

Kuna imani zinazozunguka studio ambazo tungependa zife: kwamba sekunde chache zinaruhusiwa, kwamba chini ya noti saba si wizi, kwamba vipimo vinne ni bure. Hakuna kikomo cha namna hiyo. Filimbi ya "Down Under" ya Men at Work (1981) ilichukua vipimo viwili tu vya "Kookaburra", wimbo wa watoto uliotungwa na Marion Sinclair. Kufanana huko hakukuzua kesi kwa zaidi ya robo karne, huenda kwa sababu wimbo wa watoto una ufunguo mkubwa wa furaha na filimbi imewekwa juu ya kordi za ufunguo mdogo, wenye huzuni. Lakini wimbo wa watoto wote ulikuwa na vipimo vinne, kwa hiyo viwili ni nusu yake. Mwaka 2010 mahakama ya Australia iliwapa wenye haki asilimia 5 ya mrabaha kuanzia mwaka 2002. Urefu wa ulichochukua hupimwa pia kwa urefu wa kitu ulichokichukua.

Ukigundua kufanana kabla ya kuachia wimbo, kurekebisha ni kazi ya saa chache. Kubadilisha ufunguo au kasi hakusaidii kitu, na kubadilisha neno mojamoja hakusaidii sana. Kinachosaidia kwanza ni kusogeza mwanzo wa kipande: kama kilianza kwenye pigo la kwanza, kianze nusu pigo baadaye, na silabi zote zitajipanga upya zenyewe. Pili, geuza mwelekeo kabla ya noti ya juu, ama uihamishe noti hiyo kwenye silabi nyingine. Tatu, badilisha idadi ya marudio: tatu badala ya nne, au mara ya nne iende kwingine. Fanya mawili kati ya hayo, andika upya kwenye visanduku, pima tena. Ukifanya moja tu, mwimbaji atairudisha melodi ya zamani bila kujua atakaporekodi, kwa sababu mdomo umeshaizoea. Ndiyo maana ni vizuri kupitisha siku mbili tatu kati ya marekebisho na kurekodi, na kufuta sauti ya mfano ya zamani kwenye mradi anaosikiliza.

Sampo, yaani kipande kilichokatwa kwenye rekodi ya mtu mwingine, ni habari nyingine, na hapo wengi huungua. Rekodi ina haki mbili: ya utunzi na ya rekodi kuu yenyewe, na mara nyingi wenyewe ni tofauti. Ukikata kipande cha rekodi unahitaji ruhusa zote mbili. Ukikiimba au kukipiga upya, unahitaji ya utunzi peke yake. The Verve walipotoa "Bitter Sweet Symphony" mwaka 1997 walikuwa na ruhusa ya rekodi waliyoikata. Upande wa utunzi ulipodai, mapato yote ya utunzi yalikwenda huko, na mtunzi wao Richard Ashcroft hakuyapata mpaka mwaka 2019. Hakikisha pia unayemwomba ndiye mwenye mali. Ule wito wa "mama-ko mama-sa" ulitoka kwenye "Soul Makossa" ya Manu Dibango ya mwaka 1972, ukapita kwa Michael Jackson. Rihanna alipoutumia mwaka 2007, ruhusa iliombwa kwa Jackson, na Dibango akaenda mahakamani. Kuhusu vipande vifupi mno, mahakama za rufaa za Marekani zenyewe hazikubaliani: moja ilisema mwaka 2005 kwamba bila leseni usiguse, nyingine ikasema mwaka 2016 kwamba mlio wa sekunde 0.23 si kitu. Ushauri wetu: omba, au piga upya kwa noti zako mwenyewe.

Biti za kununua mtandaoni na lupu (vipande vifupi vinavyojirudia) za maktaba zina mtego wake. Leseni isiyo ya kipekee maana yake wengine wanaimba juu ya biti hiyohiyo kihalali. Usiusajili wimbo wa namna hiyo kwenye Content ID, mfumo wa YouTube wa kutambua muziki, kwa sababu utaanza kudai mapato ya kila aliyeitumia, nao watakudai wewe.

Kufanana kukibaki na wimbo unaupenda ulivyo, zungumza mapema. Sam Smith na wenzake waliwapa Tom Petty na Jeff Lynne, watunzi wa wimbo uliofanana na wao, asilimia 12.5 kila mmoja kwa "Stay with Me", na hapakuwa na kesi. "Uptown Funk" iliongezewa watunzi wa Gap Band mwaka 2015, kwa asilimia 17. Kabla wimbo haujavuma, mwenye haki anazungumza juu ya wimbo. Ukishavuma, anazungumza juu ya fedha.

Na tunza ushahidi wa kazi yako. Rekodi za simu za siku ya kwanza, hata zile mbovu, zisifutwe. Hifadhi mradi wa studio kwa jina jipya kila siku ya kazi badala ya kuandika juu ya ule wa jana, na weka nakala mahali pa pili panapoonyesha tarehe. Baada ya kesi ya "Shape of You", aliyoishinda London Aprili 2022, Sheeran alisema sasa anapiga video vipindi vyake vyote vya utunzi. Simu moja iliyosimamishwa kwenye kona ya studio inafanya kazi hiyohiyo. Siku wimbo unapokamilika, kabla mtu hajatoka, andikeni karatasi moja: jina la kila mtunzi, asilimia yake, jina la kila lupu na biti na ilikotoka, tarehe, sahihi. Jumla ya asilimia ifike 100 kamili. Ikipungua au kuzidi, usajili utakwama na fedha zitasubiri.