Dada, Kabla Hujajiandikisha Mashindano ya Wazi ya Pool

Mwanamume wa kwanza niliyepangiwa naye kwenye mashindano ya wazi, yale ya wanaume na wanawake pamoja, alinipa mkono kama anayeshika yai, akasema, “Dada, usiwe na wasiwasi, tutacheza taratibu.” Ilikuwa pool ya mipira 9, anayetangulia kufika 7. Alinifunga 7–2. Hiyo taratibu yake haikufika hata saa moja.

Nilirudi nyumbani nikiamini nimezidiwa nguvu. Wiki nzima nikawa navunja tu, yaani kupiga lile pigo la kwanza la kutawanya mipira: najitupa mwili mzima, mpira mweupe unaruka ukingo wa meza na kwenda kupotelea chini ya viti vya watu. Hadi rafiki yangu, ambaye siku ile alikuwa ameandika kila pigo kwenye daftari, akaniita tuyasome pamoja. Katika michezo 7 niliyopoteza, ni 2 tu jamaa alivunja akasafisha meza moja kwa moja bila mimi kupata zamu. Mitano iliyobaki nilisimama mezani nikiwa na nafasi, nikang’ang’ania kuingiza mpira usioingizika, nikamwachia kila kitu wazi. Sikujua kuficha, yaani kuuacha mpira mweupe mahali ambapo mpinzani hana pigo zuri. Kwenye mashindano ya wanawake niliyozoea, makosa hayo nilikuwa nayafanya vilevile, ila wapinzani wangu wa ngazi ile hawakuwa wakiyaadhibu.

Sisemi nguvu si kitu. Kwenye mipira 9 anayevunja vizuri huanza mbele, na mwenye mabega mapana hupata kasi bila kuhangaika. Lakini mpira mweupe ukisimama katikati ya meza baada ya kuvunja, una thamani kuliko kishindo. Mimi sasa navunja kwa kama robo tatu ya nguvu zangu, na michezo ninayoshinda kwa kuvunja mwenyewe imeongezeka.

Ukitaka kuona nguvu inaishia wapi, mtazame Jasmin Ouschan wa Austria. Mwaka 2008 alimaliza wa tatu katika ubingwa wa dunia wa pool ya 14.1, ambayo kila mpira unaoingiza ni pointi moja, akiwa amechangamana na wanaume. Katika 14.1 hakuna anayefungua kwa kishindo. Anayeanza hugusa mipira kwa ujanja, miwili na ule mweupe ifike ukingoni, halafu amwachie mwenzake meza iliyofungwa. Baada ya hapo ni kupanga, kuficha na kuvumilia. Na si yeye peke yake: Karen Corr wa Ireland Kaskazini alishawahi kubeba ushindi kwenye Joss Tour ya Marekani, mashindano ya mipira 9 ambayo wanaume wamejaa. Jean Balukas, aliyetwaa US Open ya pool ya wanawake mara 7 mfululizo kuanzia 1972 akiwa na miaka 13, baadaye aliingia kucheza na wanaume pia.

Sasa, uingie yapi? Kwanza jua kiwango chako kwa namba, si kwa hisia. FargoRate, mfumo wa kuwapa wachezaji wa pool pointi za kiwango, huwaweka wanaume na wanawake kwenye mizani moja, na tofauti ya pointi 100 maana yake ni kwamba aliye juu atashinda michezo miwili kwa kila mmoja anaopoteza. Piga hesabu kidogo. Aliye chini kwa pengo hilo akicheza anayetangulia kufika 3, humwangusha mkubwa wake takriban mara moja katika tano. Kufika 7, ni kama mara moja katika kumi. Kwa hiyo ukitaka kushtua watu, tafuta mechi fupi. Ukitaka kujifunza, nenda kwenye ndefu. Mimi nilichagua ndefu kwa miaka miwili. Nilifungwa sana, tena wakati mwingine mbele ya watu niliowaalika mwenyewe.

Jambo jingine ambalo hakuna aliyeniambia ni kiti. Kama kanuni ni kwamba mshindi ndiye anayevunja, unaweza kukaa michezo 4 bila kugusa fimbo. Mwili unapoa, mkono unakuwa mgeni. Nilikuwa nautumia muda huo kusoma nyuso za watazamaji, na hilo ni kosa baya. Sasa nautazama mpira mweupe tu: kila anapopiga, najiuliza mimi ningeusimamisha wapi. Nikiitwa mezani, tayari nipo ndani ya mchezo.

Kuhusu maneno, yatakuwepo. Wapo watakaokufundisha kushika fimbo hata ukiwa unaongoza. Sijibu, napaka chaki. Lakini mwamuzi akikataa kuangalia pigo ulilolalamikia, hapo usinyamaze kwa heshima. Simamisha mchezo, mwite msimamizi, usiguse mpira hata mmoja mpaka afike. Nilinyamaza mara moja, nikapoteza mechi kwa mchezo mmoja, na bado inaniuma.

Na nyinyi kaka zangu: anayecheza na mwanamke akiwaza wenzake watasemaje akifungwa, anacheza na watu wawili. Nimeliona hili kwa karibu. Jamaa mmoja, tukiwa 6–6, alibakiwa na ule wa 9, ambao akiuingiza tu ameshinda, karibu kabisa na shimo. Alipaka chaki mara tatu. Akawageukia marafiki zake. Akainama, akanyanyuka, akainama tena. Mpira uligonga kona za shimo zote mbili ukabaki mdomoni. Pigo lile, wakiwa wawili tu mazoezini, angelimaliza huku akipiga soga.

Kuna wanaouliza kama basi ligi za wanawake zifutwe, wote tuchangamane. Mimi nasema hapana. Chama cha wanawake cha Marekani, WPBA, kipo tangu 1976, na bila majukwaa ya aina hiyo wengi wetu tusingewahi kusimama mbele ya watazamaji kabisa. Cheza huku, cheza na kule. Mengi ya mashindano makubwa yanayoitwa ya wanaume, ukisoma kanuni zake utakuta ni ya wazi; wanawake ndio hatujiandikishi. Soma kanuni, uliza nani anavunja na mechi ni ya kufika ngapi, kisha mtafute mtu wa kukaa pembeni na daftari.