Kwa wanaoanza kupima saa za usingizi za vijana

Anayetumwa shuleni kwa mara ya kwanza na hojaji za usingizi hudhani kwamba kazi kubwa ni kuwapata wanafunzi na ridhaa ya wazazi wao. Kazi kubwa iko kwingine: ni kutofautisha saa ambayo mwili wa kijana ungetaka kulala na saa anayolazimishwa na kengele, ratiba na walezi. Mambo haya mawili yakichanganyika wakati wa kukusanya majibu, hakuna hesabu itakayoyatenganisha baadaye.

Chagueni kwanza chombo kinachowafaa vijana. Hojaji ya Horne na Östberg ya mwaka 1976, yenye maswali 19 na alama kati ya 16 na 86, ndiyo inayojulikana zaidi, lakini iliundwa kwa ajili ya watu wazima, na si haki kumpima mtoto wa miaka 14 kwa mipaka yake. Mwaka 1993 Mary Carskadon na wenzake walitoa hojaji fupi ya maswali 10 kwa ajili ya wanafunzi, ambayo alama zake huanzia 10 hadi 43, na mwenye alama nyingi ndiye wa asubuhi, yaani anayependelea kulala na kuamka mapema; mwenye chache ni wa usiku. Hizo mbili hupima upendeleo, yaani saa ambazo mtu angependa. Hojaji ya Munich, iliyotolewa na Till Roenneberg na wenzake mwaka 2003, hufuata njia nyingine: huuliza saa halisi za kulala na kuamka, siku za kazi kando na siku za mapumziko kando, kisha hutafuta katikati ya usingizi wa siku za mapumziko iwe kipimo cha saa ya mwili.

Hesabu yake ifanyeni kwa mkono angalau mara moja kabla ya kuiachia kompyuta. Chukueni mwanafunzi wa kutwa anayelala saa 4 usiku na kuamka saa 11 alfajiri siku tano za shule, yaani saa saba za usingizi. Siku mbili za mapumziko hulala saa 6 usiku na kuamka saa 3 asubuhi, yaani saa tisa. Katikati ya usingizi wake wa mapumziko ni saa 10:30 alfajiri. Lakini sehemu ya usingizi huo ni kulipa deni la wiki: wastani wake kwa siku ni takribani saa 7 na dakika 34, hivyo siku za mapumziko amezidisha dakika 86, na nusu yake, dakika 43, huondolewa. Inabaki saa 9:47 usiku. Tena, kama siku hizo za mapumziko ameamshwa na saa ya mezani au na mama yake, jibu lake halifai kwa hesabu hii.

Nisisitize suala la saa, kwa kuwa ndilo linaloharibu takwimu nyingi za kwetu. Mwanafunzi akiandika "4:00" kwenye fomu, huenda anamaanisha saa nne usiku, huku kompyuta ikisoma saa kumi alfajiri. Kosa la saa sita hugeuza mtu wa asubuhi kuwa wa usiku. Fomu iwe na maneno usiku, alfajiri, asubuhi na mchana ya kuwekea alama, na msaidizi aipitie mbele ya mwanafunzi kabla hajaondoka.

Wanafunzi wa bweni ni mtihani mwingine. Jumamosi yao ina kengele, usafi na pengine prepo, kwa hiyo hawana siku ya mapumziko kwa maana inayotakiwa. Wapimeni likizoni, wiki ya pili au baadaye, deni la usingizi likiwa limepungua, au tegemeeni hojaji ya upendeleo peke yake na mseme hivyo waziwazi katika ripoti. Wanaoamka kwa sala ya alfajiri kisha wakarudi kulala waulizwe nyakati zote mbili. Mwezi wa Ramadhani, kwa sababu ya daku, tafuteni tarehe nyingine.

Umri nao uandikwe kwa miaka na miezi. Roenneberg na wenzake walionyesha mwaka 2004 kwamba saa ya mwili huchelewa kadiri kijana anavyokua hadi karibu miaka 20, wasichana wakifikia kilele mapema kuliko wavulana, kisha huanza kurudi nyuma. Kwa hiyo kidato cha kwanza na cha nne haviwekwi katika kapu moja, na kuchelewa kulala kwa kijana wa miaka 17 kusiitwe uvivu, hata kama mwalimu wa zamu ndiye anayesema hivyo. Mwalimu huyo huyo anaweza kuwaomba orodha ya wanafunzi wa usiku ili awafuatilie. Msimpe. Shule ipewe wastani wa darasa tu, na mwanafunzi anayetaka kujua alama zake aelezwe mwenyewe, faraghani.