Kabla hujanunua klimatizeri ya chumba cha mimea

Kijana mmoja wa Bukavu ameniandikia juma hili: "Jambo mama. Nimefunga taa mbili za sodiamu za wati 600 chumbani nipande saladi na bazili. Joto linapanda mpaka digrii 38. Ninunue klimatizeri ya nguvu gani?"

Usinunue, mwanangu. Bado. Swali hilo naulizwa sana tangu watu wa hapa Lubumbashi waanze kuniita Mama Saladi, na kila anayeuliza tayari ameshika dola mkononi. Mimi pia nilishauriwa hivyo. Fundi mmoja alikuja nyumbani, akachungulia chumba changu kutoka mlangoni, akaandika bei ya klimatizeri kubwa, yaani kiyoyozi, kisha akakaa barazani na shemeji yangu wakicheka: huyu mama analima ndani ya nyumba, jua la Mungu halimtoshi? Nilisikia kila neno. Chai nilimpa hivyo hivyo. Kiyoyozi sikununua, na Oktoba iliyopita, saladi za bustani zilipokuwa chungu na kutoa maua kwa joto, mpishi wa hoteli moja ya mjini alinipigia mimi simu. Shemeji ndiye aliyebeba masanduku. Nimesamehe, ila sijasahau.

Turudi kwako. Umeme wote unaoingia kwenye taa mwishowe ni joto, kwa sababu hata mwanga wenyewe ukigonga majani na ukuta hugeuka joto. Taa zako mbili pamoja na balasti zake, vile visanduku vinavyoipa taa umeme unaoifaa, ni kama wati 1,300: pasi ya nguo iliyoachwa inawaka usiku kucha ndani ya chumba kilichofungwa. Utaambiwa uhamie LED. Ni taa nzuri, lakini wati 600 za LED zinapasha chumba sawa na wati 600 za taa ya sodiamu. Faida yake ni kwamba mwanga unaopata kwa kila wati ni mwingi zaidi, basi unaweza kufunga wati chache. Ukifunga wati zilezile, joto ni lilelile.

Joto hilo litolewe nje, na kazi hiyo ni ya feni. Hesabu ninayotumia mimi: chukua wati, gawanya kwa 0.3 (hiyo ni namba ya joto linalobebwa na mita moja ya ujazo ya hewa), kisha gawanya kwa digrii unazokubali chumba kizidi hewa ya nje. Ukikubali digrii 5, wati 1,300 zinahitaji feni ya kutoa karibu mita za ujazo 870 za hewa kwa saa. Vitabu vya Ulaya vinaandika 0.34, lakini hiyo ni hewa ya usawa wa bahari. Sisi tuko kwenye mita 1,200 hivi, ninyi wa Bukavu mko juu zaidi, karibu mita 1,500, na hewa nyepesi hubeba joto kidogo. Tena namba iliyoandikwa kwenye boksi la feni ilipimwa bila bomba wala wavu. Tafuta ya 1,200.

Tundu la kutoa hewa liwe juu karibu na dari, la kuingiza liwe chini, upande wa pili kabisa, ili hewa ipite katikati ya mimea. Wengi hutoboa yote mawili ukuta mmoja, na hewa safi inatoka kabla haijagusa jani. La kuingiza liwe kubwa mara mbili au tatu ya la kutoa, maana wavu wa wadudu unakaba. Bomba linyooke. Balasti ziweke nje ya chumba, kila moja ni wati 50 za joto usizozihitaji humo.

Sasa sikiliza hili, kwa maana ndilo lililonipa Oktoba yangu. Feni haiwezi kukishusha chumba chini ya hewa ya nje. Saladi hupenda digrii 16 hadi 22, na mchana wa Oktoba Lubumbashi hewa ya nje inapita 30. Hakuna feni itakayokuokoa hapo. Basi badilisha saa! Mimea haijui jua liko wapi, inajua taa tu. Mimi nawasha saa moja ya usiku, nazima saa tano asubuhi, saa 16 kamili. Usiku hewa ya nje ni baridi, feni inafanya kazi yake, na mchana wa moto taa zimezimwa. Ukifanya hili peke yake, nusu ya tatizo imeondoka bila kutoa hata faranga. Lakini vijana wa sasa mnapenda kununua kabla ya kupima. Pima kwanza. Weka kipimajoto kwenye urefu wa majani, kivulini, si ukutani.

Septemba na Oktoba hewa yetu ni kavu, basi mimi natundika gunia lililolowa mbele ya tundu la kuingiza. Lita moja ya maji ikikauka inanyonya joto la zaidi ya nusu kilowati kwa saa nzima. Wewe wa Bukavu hili liache, hewa ya ziwa imeshiba maji, utaongeza ukungu tu. Hata huku, mvua zikianza Novemba, gunia nalivua.

Kiyoyozi kina siku yake, kwa mwenye chumba kisichoweza kutobolewa au anayelazimika kuwasha mchana. Lakini hata kile kidogo cha BTU 9,000 (BTU ni kipimo cha nguvu ya kupoza) kinakula karibu wati 800, na feni niliyokutajia haifiki 200. Na kile cha kusukuma chenye bomba moja usikiguse kabisa, kinachota hewa iliyopoa ya chumba na kuimwaga nje.

La mwisho ni umeme wetu unaokwenda na kurudi. Mwambie fundi afunge feni na taa ili feni ikikataa kuwaka, taa nazo zisiwake, na aongeze swichi ya joto ya kuzikata chumba kikifika digrii 32. Taa ya sodiamu ikizimika ghafla haiwaki tena mpaka ipoe, dakika kadhaa. Usihangaike kuichezea swichi. Ukimaliza niandikie chumba kinasoma digrii ngapi saa sita ya usiku, na nje ngapi.