Mkimbizi uliyetimiza mwaka Marekani: haki zako unapoomba grini kadi

Aliyeingia Marekani kama mkimbizi, awe ametokea kambi ya Nyarugusu, Kakuma au Nakivale, anatakiwa na sheria kuomba ukaazi wa kudumu, yaani grini kadi, akishatimiza mwaka 1 nchini. Fomu ni I-485, na kila mmoja katika familia ana yake, hata mtoto aliyekuja amebebwa mgongoni.

Kwa mkimbizi, fomu hii haina ada ya serikali. Aliyeomba hifadhi akiwa tayari ndani ya Marekani ndiye hulipa, na hapo ndipo watu huchanganyikiwa. Mjaza fomu wa mtaani akikudai "ada ya USCIS" (idara ya uhamiaji inayopokea maombi haya) kwa I-485 ya mkimbizi, pesa hiyo inaishia mfukoni mwake.

Wengi pia huogopa kwamba msaada wa chakula utawaharibia ombi. Hapana. Kigezo cha kuwa mzigo kwa serikali hakimhusu mkimbizi anapoomba grini kadi. Sheria yenyewe imemwondolea. Usiwanyime watoto chakula kwa uvumi wa WhatsApp.

Kabla ya kujaza, tazama chini ya ukurasa kuna tarehe ya toleo la fomu. Toleo lililopitwa na wakati hurudishwa, na fomu isiyo na sahihi vilevile. Halafu majina. Kambini, Mwajuma aliandikwa Muajuma, na mwenye kuzaliwa Agosti akapewa 1 Januari. Andika jina kama lilivyo kwenye I-94, hati ya kuingia kwako Marekani, na tahajia nyingine uiweke kwenye sehemu ya majina mengine uliyowahi kutumia. Usirekebishe kimyakimya: ofisa ana faili lako la zamani mezani, na tofauti isiyoelezwa huonekana kama uongo.

Fomu ya daktari, I-693, iende pamoja na I-485. Kama ulipimwa kabla ya safari na hukukutwa na ugonjwa wa kukuzuia kuingia, kwa kawaida unahitaji sehemu ya chanjo tu. Mwambie daktari hivyo kabla hajaanza, maana kliniki nyingine hutoza vipimo vyote. Idara za afya za majimbo na kaunti nazo zinaweza kuwajazia wakimbizi sehemu hiyo. Daktari akikupa fomu hiyo ndani ya bahasha iliyofungwa, usiifungue.

Ukihama, toa taarifa ya anwani mpya ndani ya siku 10. USCIS wakikutumia barua ya kudai ushahidi zaidi, ina siku ya mwisho iliyoandikwa humo. Jibu kila kinachodaiwa, kwa mara moja. Hati ya Kiswahili au Kifaransa iambatane na tafsiri kamili ya Kiingereza yenye tamko na sahihi ya mfasiri.

Una haki ya wakili kwa gharama yako, au mwakilishi aliyeidhinishwa na Wizara ya Sheria katika shirika linalotambuliwa. Wengi wao hutoza kidogo. Na unapochukua leseni ya udereva, ukiulizwa kama unataka kujiandikisha kupiga kura, kataa. Kudai uraia usio nao ni kosa zito sana katika uhamiaji.

Ukikubaliwa, kadi itabeba tarehe uliyoingia nchini, na miaka 5 ya kuomba uraia huhesabiwa kuanzia hapo.

Mume, mke au mtoto asiyeoa wala kuolewa, wa chini ya miaka 21, aliyebaki nyuma, anaombewa kwa fomu I-730, nayo haina ada. Ndoa lazima iwe ilifungwa kabla hujaingia. Muda wa kuomba ni miaka 2 tangu siku ulipoingia, kwa hiyo usingoje grini kadi ndipo uanze.